Zaburi Kumi na Sita

Mwaka 1864 Sayyid Majid, Sultani wa Zanzibar, alimkabidhi Askofu William Tozer wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Tozer alikuwa ndio kwanza ameihamishia Unguja Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, baada ya jaribio la kwanza, kule nyanda za Mto Shire, kumalizika kwa homa na vifo. Hakuwa na kanisa wala waumini. Alikuwa na watoto watano waliotenganishwa na wazazi wao.

Dini aghalabu hurithiwa nyumbani kabla haijafundishwa popote. Mtoto humwona mama akisali, humwiga baba, na hukariri maneno kabla hajayajua maana. Kwa watoto hawa, na mamia waliowafuata, mrithi alikuwapo bali mrithishaji hayupo. Lugha zao, Kiyao, Kinyasa au Kimakua, zilikuwa zimebaki nyuma kwenye njia za misafara. Basi ilibidi patafutwe mlango mwingine wa kuipitishia imani; na mlango huo, kwa mujibu wa Edward Steere, mwenzake Tozer aliyekuja kuwa askofu baada yake, haukuwa Kiingereza. Ulikuwa Kiswahili cha mjini.

Uamuzi huo una historia ambayo wapenzi wa lugha hawapaswi kuisahau. Katika dibaji ya kitabu chake cha sarufi, kilichotoka mwaka 1870, Steere anawashukuru Waislamu wa Zanzibar waliomfundisha. Miongoni mwao ni Sheikh Abdulaziz, ambaye aghalabu hutambuliwa kuwa ndiye Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, mwanachuoni mwenye asili ya Barawa aliyekuwa kadhi. Sheikh huyo alijitolea mwenyewe kuifasiri Zaburi kutoka Kiarabu kwa Kiswahili kilicho bora na safi. Kazi ilianza, ikafika Zaburi ya 16, ikakoma. Sheikh alikuwa na shughuli nyingi. Lakini sababu nyingine anayoitaja Steere ni nzito zaidi: lugha yake ilikuwa ya kisomi mno kwa lililokusudiwa.

Mtu anaweza kusikitika, na kwa haki, kwamba Zaburi zile hazikuendelea. Kadhi wa Kiislamu akiwafasiria Wakristo nyimbo za Daudi ni jambo ambalo historia ya pwani haituletei kila siku. Hata hivyo Steere hakuwa akiwatafutia wanavyuoni kitabu. Alikuwa akimtafutia mtoto wa Kiyao maneno ambayo siku moja atamwambia mwanawe bila ya kamusi. Kwa hiyo alichukua yaliyokuwa vinywani mwa watu: imani, dhambi, sala, rehema, roho, sadaka. Takriban yote yalikuwa yameshafanya kazi msikitini na nyumbani kwa karne nyingi. Hata neno padri lilikuwa hapa pwani tangu enzi za Wareno, likimngoja mwenyewe arudi.

Watoto wa skuli ya Kiungani hawakusikia maneno hayo tu, bali waliyashika kwa mikono. Misheni ilikuwa na mtambo wake wa kupigia chapa, na vijana wale ndio waliopanga herufi za risasi, moja moja, za sala na masomo ambayo wenyewe walikuwa wakijifunza. Watoto wa mjini walihifadhi vyuoni kwa ulimi. Hawa walihifadhi kwa ulimi na kwa vidole.

Mbweni, shamba la misheni lililotengewa watu waliokombolewa, ndipo kizazi cha pili kilipozaliwa. Huko Kiswahili kiligeuka lugha ya mama kwa watoto ambao mama zao walikifahamu kwa taabu. Mwaka 1876 Steere aliondoka na kundi la watu wa Mbweni, wakapanda bara na kuanzisha kijiji Masasi. Hapo pana jambo lisilo jepesi. Watu hao walirudi kusini, karibu na nchi walikochukuliwa, wakiwa na sala katika lugha ya misafara, lugha ya wale waliowanunua na kuwateremsha pwani. Kwa jirani wa Kiyao aliyewaona wakisali, ni nani alikuwa amerudi?

Cecil Majaliwa alilijibu swali hilo kwa maisha yake. Alizaliwa Uyaoni, akauzwa utotoni, akasomeshwa Kiungani. Mwaka 1886 alipelekwa Chitangali kuwahudumia Wayao, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupewa upadri. Aliyeng'olewa kwao akarudi kuwa baba wa kiroho wa watu wa kwao. Lakini misheni iliyomsifu haikuwa na haraka ya kuwaachia watu kama yeye usukani. John Swedi, aliyekuwa mmoja wa wale watano wa 1864, alifanywa shemasi mwaka 1879 na hakuvuka daraja hilo. Wazungu waliwarithisha Waafrika imani mapema na madaraka kwa kuchelewa sana: askofu mkuu wa kwanza wa Tanzania, John Sepeku, alishika cheo hicho mwaka 1970, miaka 80 baada ya upadri wa Majaliwa.

Lugha, kwa upande wake, haikungoja ruhusa. Steere alifariki mwaka 1882, akazikwa Mkunazini katika kanisa alilolijenga pale palipokuwa na soko la watumwa. Kiswahili alichokichagua kikaendelea kutembea. Kilimfikia Samuel Sehoza, Mbondei aliyesoma Kiungani, ambaye hakuwa mtoto wa jahazi wala wa soko. Wajerumani walimfunga wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, pamoja na walimu na mapadri wenzake wa misheni. Alipotoka aliandika kisa hicho mwenyewe, kwa Kiswahili, na kitabu kikatoka mwaka 1921. Skuli iliyoanzishwa kwa ajili ya watoto waliofunguliwa minyororo ikawa imemlea mwandishi wa kitabu kiitwacho *Mwaka katika Minyororo*.