Jinsi Nyumba Zetu Zilivyoingoja Noeli

Wengine katika kitabu hiki wamesimulia jinsi makanisa yetu yalivyojengwa, na habari za Mapadre waliokuja na waliofia huku. Sisi tumepewa jambo la nyumbani, yaani jinsi watu wa Kilosa na Mikumi walivyojifunza kuitayarisha Sikukuu ya Noeli.

Habari za imani katika nchi hii zaanzia Bagamoyo, walikofika Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka wa 1868. Toka pwani wakapanda bara, wakajenga Mhonda mwaka wa 1877, na Morogoro mwaka wa 1882. Pamoja na sala wakaleta kalenda, na katika kalenda hiyo Noeli iko tarehe 25 Desemba. Kwao Ulaya mwezi huo ni wa baridi. Mavuno yamo ghalani, mkulima ameweka jembe. Kwetu sivyo hata kidogo. Desemba ni mwezi wa jembe hasa: mvua zimeanza, mahindi ndiyo kwanza yachipua, kihenge kiko karibu kukombwa, na mavuno mapya yako mbali. Basi sikukuu kubwa ya furaha iliwakuta wazee wetu katika siku za upungufu. Aliyetaka kula wali siku ya Noeli ilimpasa kuukumbuka tangu Juni, mpunga ulipovunwa.

Mama yetu alikuwa akitenga debe moja la mpunga, akalifunika, akausiriba mdomo wake kwa udongo, akalipandisha darini. Sisi watoto tuliliita debe la Mtoto. Oktoba ulipoingia na ugali ukapungua sahanini, tulizidi kulitazama, lakini hakuna aliyethubutu kuligusa. Mwaka mmoja, mwishoni mwa Novemba, jirani yetu Mwislamu alijifungua, na nyumbani mwao hamkuwa na chakula. Mama alilishusha lile debe, akaubandua udongo, akampimia nusu. Tulilia wazi. Baba hakusema neno. Noeli ya mwaka ule tulikula wali kidogo na ugali mwingi, wala hakuna aliyetulipa kitu. Ila siku ya kutwanga, yule jirani alikuja uani na mchi wake, mtoto mgongoni, wakatwanga wawili kwa zamu. Na kicheko chao tulikisikia toka mtoni.

Kazi nyingine zajulikana kwa kila mtu: kusiriba kuta, kufagia uwanja hata nyuma ya choo, kumfunga jogoo asipotee, kumwendea fundi cherehani kabla hajaelemewa. Tena kulikuwa na kazi ya kupatana. Wakati wa Majilio, kabla ya kwenda kuungama, wakubwa waliitana barazani, wakamaliza maneno ya mipaka ya mashamba na madeni. Sisi twaiona kazi hiyo kuwa nzito kuliko kutwanga.

Na pango pia. Mtakatifu Fransisko wa Asizi alilitengeneza pango la Noeli huko Greccio, Italia, mwaka wa 1223. Sisi tulilitengeneza kwa matete na nyasi, na wanyama kwa udongo wa Mto Mkondoa. Ng'ombe alitushinda pembe, na punda akatoka kama mbwa. Lakini tembo tulimweza sana. Mwalimu wa dini alimtazama tembo yule karibu na hori, akacheka, akamwacha.

Tembo tuliwajua kwa sababu ya wajomba zetu wa Mikumi, mahali palipopata jina kwa miti ya mikumi. Kwenda kwao twapita kijiji kiitwacho Ulaya, na watoto wa Kilosa hujisifu kwamba wamefika Ulaya na kurudi siku ile ile. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka wa 1964, na wanyama hawasomi mipaka. Siku za Noeli mahindi yangali machanga, na mwenye shamba analala dunguni kufukuza nguruwe na tembo. Kwa hiyo wanaume wa kule waligawana zamu: huyu aende Misa ya usiku, yule alinde mashamba ya wote, kisha asubuhi wabadilishane. Mjomba wetu mkubwa alikuwa akisema alizisikia nyimbo za kanisani akiwa juu ya dungu, na tulimwamini, ingawa kanisa lilikuwa mbali.

Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka wa 1912, ilikuwa imekwisha kupita Kilosa. Tangu hapo yaliongezeka matayarisho mengine, ndiyo kumngoja mtu stesheni. Wengine walikesha na taa mkononi, wasijue treni itaingia saa ngapi. Tangu mwaka wa 2024 treni ya umeme yafika Kilosa kwa saa yake, na mkesha ule umekwisha. Wazee wanaukumbuka kwa huzuni kidogo. Sisi hatuwaoni vibaya, lakini hatuutamani.

Mwishoni mwa Desemba 2009, katika siku zenyewe za Noeli, mvua ilizidi. Mkondoa ukavunja tuta, ukaingia mjini. Maelfu ya watu walihama wakakaa katika mahema, na njia ya reli ikasombwa kati ya Kilosa na Gulwe. Maji yaliingia nyumbani kwetu hata madirishani, na ukuta wa jikoni ukalala. Mashamba yakafunikwa mchanga, na Juni iliyofuata hatukuwa na mpunga wa kutenga.

Desemba 2010 tulikwenda kumwona mama, tumechukua mchele wa dukani katika mfuko. Tulimkuta amepiga magoti mbele ya ukuta mpya, mikono imelowa, akisiriba kwa udongo ule ule ulioletwa na mto. Hakusimama kutupokea. Alituuliza mbona tumechelewa, akatuonyesha ndoo.