Kupiga Picha za Ndugu na Marafiki kwa Kamera za Filamu

Upigaji picha wa filamu ni njia ya kunasa taswira kwa mwanga unaoangukia utando wenye chembe za chumvi ya fedha. Njia hii ilitawala karne ya 20, ikafifia zilipoenea kamera za dijitali na simu, na sasa imepata tena wapenzi, wengi wao vijana. Filamu imetumika katika habari, sanaa na sayansi, lakini makazi yake hasa ni nyumbani: kuwapiga picha wazazi, watoto, ndugu na marafiki. Raha yake imesimama juu ya mambo matatu, nayo ni uchache wa picha, subira ya kuzingoja na karatasi inayobaki mkononi.

Historia fupi

Mwaka 1888 George Eastman wa Rochester, Marekani, alianza kuuza kamera aliyoiita Kodak. Ilikuwa na filamu ya picha 100. Ikijaa, mwenyewe aliirudisha kiwandani nzima nzima, picha zikasafishwa na kamera ikatiwa filamu mpya. Mwaka 1900 ikaja Brownie, iliyouzwa dola moja, na hapo kamera ikaanza kuingia katika nyumba za watu wa kipato cha kawaida. Mwaka 1925 Leica, kamera ndogo iliyobuniwa na Mjerumani Oskar Barnack, ilianza kuuzwa ikitumia mkanda wa sinema wa milimita 35. Mkanda wa upana huo, wenye picha 24 au 36, ndio unaotumika zaidi hadi leo.

Afrika Mashariki, wengi walikutana na kamera studioni. Zanzibar kulikuwa na Capital Art Studio ya Ranchhod Oza, iliyofunguliwa mwaka 1930. Mombasa alikuwako N. V. Parekh, na Lamu Omar Said Bakor. Watu walivaa nguo za sikukuu, wakakaa kwa heshima au wakapiga pozi. Baadaye wapiga picha wa mitaani walizunguka na kamera zao kwenye harusi, ubatizo na mahafali, kisha wakarudi siku nyingine na picha zilizosafishwa ili walipwe. Albamu nyingi tulizozikuta majumbani ni kazi ya mafundi hao.

Jinsi filamu inavyofanya kazi

Chembe za chumvi ya fedha zimeshikwa ndani ya utando wa jelatini. Mwanga ukizigusa hubadilika kidogo, na taswira inayozaliwa haionekani kwa macho mpaka filamu isafishwe. Kwa filamu nyeusi na nyeupe, dawa ya kwanza huzigeuza chembe zilizopigwa na mwanga kuwa fedha nyeusi, ya pili husimamisha kazi hiyo, na ya tatu huondoa chembe ambazo hazikuguswa. Kinachopatikana ni negativu, ambamo penye mwanga pana giza na penye giza pana mwanga. Negativu ikipitishiwa mwanga juu ya karatasi maalumu, picha hutokea sawasawa. Filamu ikifunuliwa kwenye mwanga kabla ya kusafishwa, picha huungua.

Kuchagua kamera na filamu

Kamera iliyotumika yatosha. Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1976 hadi 1997, hupiga picha hata bila betri, kwa kuwa betri yake inahudumia kipimamwanga tu. Lenzi ya milimita 50 inafaa kwa sura ya mtu, na ya milimita 35 inafaa kwa watu waliokusanyika sebuleni. Namba ya ISO huonyesha wepesi wa filamu kuupokea mwanga: 100 au 200 kwa jua la pwani, 400 kwa kivulini na ndani penye dirisha kubwa.

Mwanga na rangi ya ngozi

Hapa ndipo mpiga picha wa kwetu anapaswa kuwa mwangalifu zaidi. Kwa miongo kadhaa maabara zilisawazisha rangi kwa kutumia kadi zilizojulikana kama Shirley, zenye picha ya mwanamke Mzungu, na nyuso nyeusi zikapoteza undani wake. Kipimamwanga nacho huchukulia kwamba kila kilicho mbele yake ni cha kijivu cha wastani. Kikielekezwa kwenye shela la bi harusi au kanzu nyeupe, hupunguza mwanga, na uso wa mwenye kuvaa hubaki giza. Dawa yake ni kupima mwanga usoni penyewe, au kufungua tundu la lenzi kwa hatua moja. Filamu ya negativu huvumilia mwanga uliozidi kuliko uliopungua.

Raha zake

Mwenye picha 36 hapigi ovyo. Humtazama bibi akichambua mchele, akangoja ainue uso, ndipo abonyeze. Kutazama huko ni namna ya kumpenda mtu. Wanaopigwa nao hawana kioo cha kukimbilia ili wajikague na kufuta, kwa hiyo hurudi mara moja kwenye mazungumzo yao. Picha huja baadaye, na familia huziona kwa pamoja, zikipita mkono kwa mkono huku kila mtu akiongeza kisa chake. Anayesafisha nyumbani ana raha nyingine: kukaa na watoto katika chumba cha giza chini ya taa nyekundu, wakiona uso wa baba yao ukijitokeza taratibu kwenye karatasi iliyolowa.

Kutunza

Joto na unyevu ndio maadui wakubwa. Filamu ambayo haijatumika hukaa vizuri kwenye jokofu, ndani ya mfuko uliofungwa. Lenzi iliyofungiwa kabatini mahali penye unyevu huota ukungu. Negativu zishikwe pembeni na kuwekwa kwenye bahasha zake, mbali na vumbi. Picha za rangi zisitundikwe juani, maana hupauka. Picha nyeusi na nyeupe iliyosafishwa vizuri yaweza kudumu zaidi ya miaka 100.

Lakini picha isiyo na jina huwa ya mgeni baada ya vizazi viwili. Mwenye albamu nyumbani akae na mzee wa familia angali yupo, amwulize nani ni nani, na aandike nyuma ya kila picha, kwa penseli laini, majina, mahali na mwaka.