Nani Ameshika Kalamu? Mtoto Asiyependa Kuandika na Historia ya Utungaji wa Mashairi Nyumbani, kwa Kurejelea Arusha na Meru

Katika mwaka wa kwanza wa masomo yangu ya uzamivu, mwanangu, aliyekuwa darasa la nne katika shule moja pembezoni mwa jiji la Arusha, alirudi nyumbani na daftari la insha lenye sentensi tatu na maelezo ya wino mwekundu kwamba hana ubunifu. Jioni hiyohiyo, jikoni kwa bibi yake huko Poli, alisimulia kwa karibu nusu saa jinsi ndama alivyovunja uzio wa jirani, akiiga sauti ya jirani, ya ndama na ya mbwa. Sikuhitaji ushahidi mwingine kwamba maelezo yale hayakuwa sahihi. Nilichohitaji ni kujua yalitoka wapi.

Mtoto mmoja si sampuli, na mzazi si mtafiti asiyeegemea upande. Kwa hiyo kisa hiki hakitumiki hapa kama matokeo ya utafiti, bali kama chanzo cha swali la kihistoria. Hoja ninayoitetea ni kwamba hukumu ya aina ile hutokana na kuchanganya kazi mbili ambazo ushairi wa Kiswahili ulizitenganisha kwa muda mrefu, yaani kutunga na kuandika. Lugha yenyewe inazitenganisha. Shanga hutungwa, asumini hutungwa, samaki hutungwa katika ujiti. Wala hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayohitaji karatasi. Mwanamke wa Kiarusha anayeuza shanga mjini amezitunga kwa mpangilio wa rangi anaoujua kichwani kabla ya kushika uzi. Anayetunga shairi hufanya jambo la namna hiyo, na kalamu huja baadaye, pengine mkononi mwa mtu mwingine.

Muyaka bin Haji wa Mombasa ni mfano ulio wazi. Alifariki mwaka 1840. Mashairi yake yalibaki vinywani na katika kumbukumbu za watu hadi Mwalimu Sikujua alipoyakusanya, kwa ushirikiano na mmisionari W. E. Taylor, mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Diwani yake ilichapishwa na William Hichens mwaka 1940. Karne nzima imepita kati ya kifo cha mtunzi na kitabu chake. Hakuna msomi ambaye amewahi kumwona Muyaka kuwa amepungukiwa ubunifu kwa sababu mashairi yake yamehifadhiwa na mikono ya wengine.

Mfano wa pili unatugusa zaidi, kwa sababu unatokea ndani ya nyumba na unahusu mzazi na mtoto. Mwana Kupona binti Msham aliutunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, miaka michache baada ya kufiwa na mumewe, Bwana Mataka wa Siyu. Aliutunga kwa ajili ya bintiye, Mwana Hashima. Wahakiki wameujadili sana kwa upande wa mafunzo yake kuhusu ndoa na hadhi ya mwanamke. Mimi nataka kuangalia mwanzo wake tu. Mama anamwita binti asogee, kisha anamtaka achukue wino na karatasi, kwa kuwa analo jambo moyoni la kumweleza. Katika tukio hilo mama ndiye mtunzi na mtoto ndiye karani. Tahadhari inahitajika hapa, kwani kuagiza wino na karatasi ni desturi ya tenzi nyingi, na hatuwezi kudai kwamba kila neno liliandikwa na mkono wa binti. Hata hivyo desturi haizuki bure. Inatuonyesha kwamba wasikilizaji wa tenzi waliona ni jambo la kawaida mtu mmoja atunge na mwingine aandike, bila heshima ya mtunzi kupungua.

Karne ya ishirini ilibadili mpangilio huo, na mabadiliko yenyewe hayakuwa mabaya yote. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, liliwapa malenga wa Tanganyika uwanja wa kujibizana kwa maandishi, mtu wa Tanga akimjibu mtu wa bara ambaye hajawahi kumwona. Shaaban Robert, aliyekuzwa na uwanja huo, aliingiza katika Maisha Yangu tenzi mbili za mzazi kwa watoto wake, Hati kwa binti na Adili kwa mwana wa kiume. Nia ni ileile ya Mwana Kupona, lakini sasa baba anatunga na anaandika mwenyewe, kisha anakabidhi. Mtoto aliyekuwa karani amekuwa msomaji.

Mkazi wa Arusha hupita kila siku mbele ya jina la mtu aliyesimama katikati ya mabadiliko hayo, mara nyingi bila kujua. Uwanja wa Kumbukumbu ya Sheikh Amri Abeid unajulikana kwa mpira na mikutano ya hadhara. Sheikh Kaluta Amri Abeid, mzaliwa wa Ujiji, Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na baadaye waziri katika serikali ya Mwalimu Nyerere, alifariki mwaka 1964. Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1954, alikuwa amechapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Kabla ya kitabu hicho, mizani, vina, beti na vituo vilijifunzwa kwa sikio, kwa kukaa karibu na anayejua. Kaluta aliyaweka hayo katika maandishi ili hata asiye na malenga jirani aweze kujifunza. Kwa maneno mengine, alijaribu kumpatia kila msomaji mwalimu wa nyumbani.

Mjadala wa miaka ya 1970, Kezilahabi alipotoa Kichomi (1974) na wengine wakafuata njia ya shairi huru, uliwafanya wengi waione kazi ya Kaluta kama pingu. Sina nafasi ya kuurudia mjadala huo, wala nadhani haukuwa na msingi. Ila wapinzani wa arudhi walikuwa watu wazima waliokwisha kuwa na la kusema. Mtoto anayeogopa ukurasa mtupu yuko mahali pengine kabisa. Ukimwambia aandike chochote apendacho, umemwongezea hofu. Ukimwambia atafute maneno yenye mizani minane na kumpa vidole vyake ahesabie, umempa kazi inayoshikika. Vina vinaweza kungoja wiki kadhaa.

Tukirudi katika historia yenyewe, Arusha inatokea tena mwaka 1967. Azimio lililopitishwa mjini hapa na Halmashauri Kuu ya TANU mwezi Januari liliwagusa washairi pia, kwani waliombwa wasaidie kulieneza. Mathias Mnyampala na chama cha UKUTA walikuza ngonjera, tungo za kujibizana ambazo wanafunzi walizighani jukwaani. Kitabu cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA kilitoka mwaka 1970. Wazazi wetu wengi bado wanazikumbuka kwa moyo. Ngonjera ziliurudisha ushairi mdomoni na katika sauti mbili, na hilo lilikuwa faida kubwa. Lakini maneno yalikuwa yamekwisha kutungwa na mtu mzima. Mtoto alikuwa mghani wa fikra zisizo zake.

Hatua iliyofuata ni ya ukame zaidi. Katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, kwa miaka mingi sehemu iitwayo utungaji ilimtaka mtahiniwa apange sentensi zilizochanganywa na kuzipa herufi, na sehemu ya ushairi ilimtaka asome shairi na kuchagua jibu. Neno kutunga limebaki katika kichwa cha sehemu, huku kazi yenyewe ikiwa imeondoka. Hivyo mtoto amekuwa karani, msomaji, mghani, na hatimaye mpangaji wa sentensi za wengine. Nafasi ambayo maandishi tuliyonayo hayamwonyeshi akiishika ni ya mtunzi.

Nasema maandishi, kwa sababu nje ya maandishi mambo ni tofauti. Katika miteremko ya Meru, bibi anayezungumza Kimeru hutega kitendawili na mjukuu hutegua, kisha mjukuu hutega chake, mara nyingi kibovu, na watu wazima hukubali kushindwa. Mjini, Arusha imejijengea sifa ya hip hop tangu miaka ya 1990. X Plastaz walichanganya ughani wa Kiswahili na uimbaji wa Kimasai, na vijana wa vijiweni bado hushindana kwa mitindo huru, wakitunga papo hapo bila kalamu. Wengi wao, nina hakika, walikuwa na madaftari ya insha yenye wino mwekundu. Mazingira ya Muyaka hayajafa. Yamehamia mahali ambapo shule haitazami.

Nyumbani kwetu tulijaribu kuugeuza mpangilio wa Mwana Kupona. Mtoto alikuwa mtunzi, nami nilikuwa karani. Masharti yalikuwa machache. Shairi lazima liwe na mtu wa kupelekewa, kwa kuwa karibu kila tungo iliyotajwa hapo juu ilikuwa na mpokeaji anayejulikana. Yeye alimchagua bibi. Kila mshororo uwe na mizani minane. Na karani asibadilishe neno. Sharti hili la mwisho lilikuwa gumu kwangu kuliko kwake, kwani mkono wa aliyezoea kusahihisha hausubiri. Kwa siku mbili za kwanza hatukupata kitu isipokuwa majina ya wachezaji yaliyopangwa kwa mizani, na niliyaandika yote. Siku ya tatu alitunga ubeti kuhusu ng'ombe wa bibi, ambaye kama ng'ombe wengi wa huko hufungwa bandani na kuletewa majani:

Ng'ombe wa bibi halali,
Ana pembe mbili kali,
Hataki kwenda mahali,
Atazama mlimani.

Mtahini atauona udhaifu wa mshororo wa tatu mara moja. Neno mahali limeletwa na kina, na Kaluta asingeliacha lipite bila neno. Mtoto mwenyewe aliujua udhaifu huo. Alieleza kwamba alichotaka kusema ni popote, ambalo nalo lina silabi tatu, ila mwisho wake haufanani na halali wala kali. Alikuwa amefikia, bila kusoma sheria yoyote, ugomvi wa maana na kina ambao malenga wamekuwa nao tangu zamani, na alikuwa ameamua. Sikumwuliza ni nani hasa asiyetaka kwenda mahali, ng'ombe aliyefungwa au mtoto mwenye shule kesho asubuhi.

Nilipokuwa nikiunakili ubeti huo kwa ajili ya kumpelekea bibi, maelezo yake yalinichanganya, nikaandika popote. Alisoma juu ya bega langu, akaninyang'anya kalamu, akalikata neno langu kwa mstari mmoja, na juu yake akaandika mahali.