Je, Ni Kosa la Mama?

Leo hatutazungumza juu ya chanjo wala uji wa wimbi. Leo tutarudi nyuma miaka mia moja na zaidi, tuone jinsi wataalamu wa mambo ya akili walivyomjadili mama, walivyomsifu na walivyomlaumu. Tutaona pia jinsi jambo moja kubwa katika mjadala huo lilivyogunduliwa hapa hapa Afrika Mashariki, safari ya usiku mmoja kwa basi kutoka Nairobi.

Nimechagua somo hili kwa sababu ya swali. Mama mmoja wa Landless, anayefanya kibarua kiwandani upande wa pili wa mji wa Thika, alinieleza kwamba huondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri mtoto akiwa bado amelala, na hurudi giza limeshaingia. Mtoto ana miezi 10. Siku hizi akimpokea kutoka kwa yaya, mtoto analia na kumnyooshea yaya mikono. Jirani wa ploti akamwambia, "Huyo si mtoto wako tena. Na akiharibika ukubwani, usiulize ni kwa nini." Mama akaniuliza kama ni kweli.

Jirani yule hakujua, lakini maneno yake yametoka mbali.

Tuanzie Vienna, mji mkuu wa Austria, kwa daktari Sigmund Freud, aliyezaliwa mwaka 1856 na kufariki mwaka 1939. Yeye ndiye aliyeanzisha uchanganuzi wa nafsi, yaani tiba ambayo mgonjwa hapewi vidonge, bali hulala kwenye kochi na kueleza kila kinachomjia moyoni, huku daktari akitafuta mizizi ya shida katika utoto wake. Freud alifundisha kwamba mtoto mchanga humpenda mama kwa sababu mama ndiye anayemlisha. Ziwa kwanza, mapenzi baadaye. Lakini katika vitabu vyake baba ndiye aliyepewa nafasi kubwa, baba wa kuogopwa. Mama yupo, ila mara nyingi yupo pembeni.

Kuna jambo dogo katika maisha yake ambalo napenda ulijue. Freud mwenyewe alikuwa na yaya. Alipokuwa na miaka miwili na nusu hivi, yaya huyo alishikwa kwa wizi, akafukuzwa na kufungwa jela. Mwaka 1897, Freud akiwa mtu mzima wa miaka 41, mwenye mke na watoto, bado alikuwa akimwota yaya yule, hata akamwuliza mama yake habari zake. Liweke hilo akilini, tutalirudia.

Aliyemleta mama katikati ya uwanja ni Melanie Klein, mama wa watoto watatu, aliyehamia London mwaka 1926. Aliwasoma watoto wadogo kwa kuwatazama wakicheza. Alisema mtoto akishiba humwona mama kuwa mwema kabisa, na ziwa likichelewa humwona kuwa adui, na kazi kubwa ya utotoni ni kugundua kwamba hao wawili ni mama mmoja. Mama yeyote aliyewahi kung'atwa ziwa na mtoto wa meno mawili hatapata shida kumwelewa Klein.

Kisha vikaja vita. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliwatoa watoto London na miji mingine ili mabomu yasiwakute, ikawapeleka mashambani kwa watu wasiowajua. Anna Freud, binti yake Sigmund, alifungua nyumba za kulelea watoto pale Hampstead, London. Watoto walishiba, walioga, walilala pazuri. Hata hivyo wengine walidumaa katika kusema, wengine wakarudi kukojoa kitandani. Wasimamizi walipoacha kuwalea wote kwa jumla, wakampa kila mlezi watoto wake wachache awe kama mama yao, watoto walibadilika. Walilia zaidi na kuona wivu zaidi, lakini walisema zaidi na kukua zaidi. Mtoto alikuwa amempata mtu wake.

Sasa tunafika kwa John Bowlby, daktari Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1907. Mwaka 1944 alichapisha habari za watoto 44 wa London walioletwa kwake kwa sababu ya wizi. Kati yao, 14 alisema walikuwa kama hawana mapenzi kwa mtu yeyote, na 12 kati ya hao 14 walikuwa wametenganishwa na mama zao kwa muda mrefu walipokuwa wadogo. Mwaka 1951 aliandika ripoti kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani. Humo alisema kwamba mtoto mdogo anahitaji ukaribu wa mama, au wa mtu mmoja anayeshika nafasi ya mama daima, kama vile mwili unavyohitaji chakula.

Ripoti hiyo ilifanya mema mengi. Siku hizo hospitali za Uingereza zilimlaza mtoto na kumfukuza mama, labda amwone Jumapili peke yake. Mwaka 1952 James Robertson, aliyefanya kazi na Bowlby, alitengeneza filamu ya mtoto wa miaka miwili aliyelazwa hospitalini bila mama yake. Madaktari wengi walikasirika walipoitazama. Lakini taratibu milango ilifunguliwa, na mwaka 1959 kamati ya serikali ya Uingereza ilipendekeza wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao wakati wowote. Kwa hiyo mwanao akilazwa wadi ya watoto, nawe ukalala kwenye kiti kando ya kitanda chake huku mgongo ukikuuma, ujue watu walipigania kiti hicho.

Tena ripoti hiyo ilifanya madhara. Iliandikwa juu ya watoto waliokosa mama kabisa, waliokaa hospitalini na kwenye nyumba za mayatima miezi na miaka. Watu wakaisoma kana kwamba inamhusu mama anayekwenda kazini asubuhi na kurudi jioni. Bowlby mwenyewe hakuwa mpole sana kwa mama huyo. Baadaye wenzake walilisahihisha jambo hili. Mwaka 1972 daktari Michael Rutter aliandika kitabu kizima kuonyesha kwamba kutengana kwa saa chache, kutengana kwa miezi, na kutokuwa na mtu kabisa ni mambo matatu tofauti.

Lakini lawama ilikuwa imeshapata mbio. Huko Marekani, mwaka 1948, daktari Frieda Fromm-Reichmann alimtaja mama kuwa chanzo cha ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim aliandika kitabu kilichowatupia wazazi, hasa mama, lawama ya usonji wa watoto wao, eti mama alikuwa baridi. Hapakuwa na ukweli. Leo tunajua usonji unahusu jinsi ubongo unavyokua tangu mapema, na urithi wa mwili una sehemu kubwa. Lakini akina mama wengi walikaa miaka wakijiona wauaji wa watoto wao, kwa sababu daktari alisema.

Mama wa Kiafrika hakusalimika. Mwaka 1943 mwalimu mmoja Mzungu wa Northern Rhodesia, ambayo sasa ni Zambia, jina lake J. F. Ritchie, alitoa kijitabu akitumia mafundisho haya ya uchanganuzi wa nafsi. Alidai kwamba tabia za Mwafrika mzima zinatokana na kunyonyeshwa kwa wingi na kisha kuachishwa ziwa kwa ghafla. Watu milioni nyingi, lugha mia kadhaa, wote wameelezwa kwa ziwa moja! Mama wa Kizungu alilaumiwa kwa kuwa baridi, mama wa Kiafrika akalaumiwa kwa kunyonyesha kupita kiasi.

Ndipo anapoingia Mary Ainsworth. Huyu alikuwa mwanasaikolojia aliyekulia Canada na kufanya kazi na Bowlby huko London. Mwaka 1954 mume wake alipata kazi katika taasisi ya utafiti iliyokuwa Makerere, Kampala, naye akamfuata. Hakuwa na maabara. Alichokuwa nacho ni vijiji vya karibu na mji, na mkalimani wake Mganda, Katie Kibuka. Wawili hao walizitembelea familia 26 zenye watoto wachanga 28, kila baada ya wiki mbili, kwa miezi hadi 9. Walikaa nao sebuleni saa mbili hivi kila mara, wakizungumza na mama na kumtazama mtoto.

Ainsworth alikuwa amekwenda kuangalia jinsi watoto wanavyoathirika wakiachishwa ziwa. Alichokiona kilikuwa kingine. Aliona mtoto anayetambaa akimwacha mama, anakwenda hadi mlangoni, anageuka kumtazama, anaendelea, anarudi kumshika goti, kisha anaondoka tena. Mama alikuwa kama kituo cha matatu: mtoto huanzia pale na hurudi pale. Tena aliona watoto wameshikamana na watu wasiowalisha hata kidogo: baba, nyanya, dada mkubwa. Basi lile fundisho la Freud kwamba mapenzi hufuata chakula, Ainsworth aliliacha Uganda.

Kati ya watoto 28, aliona 16 wametulia na kushikamana vizuri na mama, 7 wana wasiwasi, na 5 bado hawajashikamana. Akatafuta kinachowatofautisha. Hakikuwa idadi ya walezi. Mtoto aliyelelewa na mama pamoja na nyanya na shangazi hakuwa na wasiwasi kuliko yule wa mama peke yake. Muda wa kumhudumia ulikuwa na uzito, hatuwezi kuuficha. Lakini jambo jingine lililojitokeza ni mama anayemjua mtoto wake. Ukimwuliza habari za mwanawe anakueleza bila kuchoka, kwamba huyu akishika sikio ana usingizi, na huyu hapendi kuvuliwa nguo ghafla.

Kitabu chake juu ya Uganda kilitoka mwaka 1967. Aliporudi Marekani, alifanya utafiti kama huo katika familia 26 za mji wa Baltimore. Huko ndiko alikobuni jaribio ambalo wanasaikolojia wa dunia nzima wanalitumia hadi leo: mama anamwacha mtoto wa mwaka mmoja chumbani kwa dakika chache, kisha anarudi. Watu hudhani kinachopimwa ni kilio. Kinachoangaliwa zaidi ni kurudi kwa mama, kama mtoto anamwendea, anabembelezwa, anatulia na kuendelea kucheza.

Na hapa nyumbani je? Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Herbert Leiderman na Gloria Leiderman walichunguza watoto wachanga katika jamii ya Wakikuyu wakulima. Waliwakuta wengine wakilelewa na mama pamoja na mureri, ambaye mara nyingi alikuwa dada mdogo tu. Watoto hao walishikamana na mama na walishikamana na mlezi. Moyo wa mtoto si kiti cha mtu mmoja.

Sasa nimjibu mama wa Landless. Mama, mtoto wako wa miezi 10 akimlilia yaya, ameonyesha kwamba anajua kupenda na kwamba yaya wako anafanya kazi yake. Watoto wa umri huo huchukizwa na kila mabadiliko, hata ya kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Usimnyakue. Kaa chini karibu na yaya, acha akutazame, ongea, acha aje mwenyewe. Ukiona baada ya muda ametulia mapajani mwako, hayo ndiyo aliyoyaona Ainsworth. Na kabla yaya hajaondoka, mwulize siku ilikuwaje: alilala saa ngapi, alicheka nini, alikataa nini. Hivyo utaendelea kumjua mwanao hata saa ambazo hukuwepo.

Jambo la kuogopa ni yaya kubadilishwa kila mwezi. Sasa kumbuka yaya wa Freud. Bowlby naye alikuwa na yaya aliyempenda, akaondoka John akiwa karibu miaka minne, naye akiwa mzee alisimulia kwamba ilikuwa kama kufiwa na mama. Yaya akitaka kwenda kwao, mwombe akae siku tatu au nne na yule mgeni. Amuage mtoto waziwazi, asitoroke akiwa usingizini. Na mshahara wake usicheleweshwe, kwa maana wengi huondokea hapo.

Nasema haya nikijua hali. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea. Lakini anayelipwa kwa siku, pale kiwandani au kwenye mashamba ya kahawa ya Ruiru, siku asiyofika ni siku asiyokula. Freud hakuandika sura juu ya hilo.

Na kama mama huna nguvu hata ya kumtazama mtoto, unalia bila sababu, hulali hata yeye akilala, huo ni ugonjwa unaotibika, na si ubaridi wa moyo. Mweleze muuguzi siku ya kliniki, usingoje akuulize.

Nimebakiza mtu mmoja. Donald Winnicott alikuwa daktari wa watoto na pia mchanganuzi wa nafsi. Tangu miaka ya vita alizungumza na akina mama kupitia redio ya BBC, kama hivi tunavyozungumza. Katika vitabu vyake alieleza juu ya mama anayetosha. Hakusema mama kamili. Mama anayetosha huchelewa, hukosea, huchoka, kisha hurudi kwa mtoto, na mtoto hujifunza kutokana na kule kuchelewa kudogo kwamba dunia haivunjiki.

Juma lijalo tutazungumzia kumwachisha mtoto ziwa, jambo ambalo Mary Ainsworth alikwenda kulichunguza Kampala na akaishia kuchunguza jingine. Kaa na kalamu.