Nani anaamua ukumbuke lini?

Simu yako ina picha ngapi? Elfu mbili? Elfu kumi? Na ni lini mara ya mwisho ulikaa ukazitazama, bila kutafuta kitu chochote, yaani kuzitazama tu?

Ndoto ya kuhifadhi kila kitu imeitangulia simu. Julai 1945, Mmarekani Vannevar Bush aliandika katika jarida la The Atlantic kuhusu mashine aliyoiita Memex: meza ambayo mtu angewekea ndani vitabu, barua na kumbukumbu zake zote kwenye filamu ndogo mno. Haikuwahi kutengenezwa. Wazo lenyewe halikufa, na miaka ya 2000 Gordon Bell wa Microsoft alikuwa anayaingiza maisha yake kwenye kompyuta, hadi simu alizopigiwa. Lakini kuhifadhi ni jambo moja, kutafakari ni jingine kabisa.

Mwaka 2001 Lars Hallnäs na Johan Redström, watafiti wa Sweden, walipendekeza "teknolojia ya polepole". Walisema si lazima kila kifaa kituokolee muda. Kingine kitupe nafasi ya kuwaza. Mimi naona hapa ndipo historia hii ilipokata kona.

Mfano ninaoupenda ni Photobox, ya William Odom na wenzake. Ni sanduku la mbao lenye printa iliyofichwa ndani. Kila mwezi linachagua lenyewe picha nne au tano kutoka akaunti ya mwenyewe ya Flickr na kuzichapa, siku asiyoijua. Halina kitufe cha kuliharakisha. Kaya tatu ziliishi nalo miezi 14. Mwanzoni lilisisimua, halafu likaudhi (mtu anataka picha leo, sanduku kimya!), mwishowe wakalizoea.

Kampuni kubwa nazo zikaanza kuturudishia kumbukumbu, ila kwa pupa. Desemba 2014 Facebook ilimletea baba mmoja Mmarekani picha ya binti yake aliyefariki mwaka huohuo, ikiwa imezungushiwa michoro ya watu wakicheza dansi. Meneja wa huduma hiyo alimwomba radhi. Baba huyo, ambaye ni mtaalamu wa tovuti, alipendekeza jambo dogo: kabla ya kumwonyesha mtu mwaka wake, muulizeni kwanza kama anataka kuuona. Ndiyo au hapana.