Kwaheri Ambayo Kericho na Bomet Hawakuisikia

Oktoba 2003, kampuni ndogo ya Marekani iitwayo Blue Underground ilitoa sanduku la diski nane zenye filamu za Waitaliano wawili, Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi. Wapenzi wa filamu za Kiitaliano za msituni, zile za damu na mikuki, walilisubiri kwa hamu. Mwafrika Mashariki ndiye hasa aliyekuwa na lake humo ndani: Africa Addio (“Kwaheri Afrika”) ya 1966, ikiwa nzima, karibu dakika 140, baada ya kuzungushwa duniani kwa zaidi ya miaka thelathini ikiwa imekatwakatwa.

Jacopetti alikuwa mwanahabari, Prosperi mtaalamu wa viumbe. Mwaka wa 1962 walitikisa dunia kwa Mondo Cane, mkusanyo wa vituko vya kweli na vya kubuni uliouzwa kama ukweli mtupu. Pesa zilipoingia walikuja Afrika na kupiga picha kwa takriban miaka mitatu: Kenya, Tanganyika, Zanzibar, Kongo, hadi Afrika Kusini. Mpiga picha wao alikuwa Antonio Climati, muziki ukatungwa na Riz Ortolani. Ortolani huyo huyo ndiye aliyetunga muziki wa Cannibal Holocaust ya Ruggero Deodato mwaka wa 1980, filamu inayowasuta wanahabari wanaopika matukio mbele ya kamera. Walioangalia kwa makini walijua inamsema nani.

Hadithi ya Africa Addio ni nyepesi. Mzungu anafunga virago, Mwafrika anaachiwa nyumba, nyumba inaungua. Sehemu ya Kenya inaonyesha walowezi wakiondoka na mali zao zikiuzwa, kisha bunduki zinageuziwa wanyama. Kwa namna ilivyopigwa ni filamu ya kuvutia, na hapo ndipo ubaya wake unapoanzia. Jua likizama juu ya savana huku vinanda vya Ortolani vikilia, mtazamaji anajikuta akimhurumia mwenye shamba kabla hajauliza shamba lilitoka wapi.

Katika nchi ya chai ya Kericho na Bomet swali hilo halihitaji kutafutiwa mbali. Filamu ilipopigwa, Bomet ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Kericho. Ilipewa wilaya yake mwaka wa 1992. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilitenga maelfu ya ekari za Wakipsigis kwa ajili ya maafisa wa jeshi la Uingereza waliolemazwa vitani. Walipanda kitani, bei ikaporomoka, na ardhi ikaishia mikononi mwa kampuni ya chai ya Brooke Bond katika miaka ya 1920. Mwaka wa 1934 sheria maalumu ilipitishwa kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Hakuna hata fremu moja ya Jacopetti inayogusa mambo hayo.

Na je, hiyo kwaheri yenyewe? Huko Sotik baadhi ya walowezi waliondoka kweli, na mashamba yao yakagawiwa wenyeji chini ya mpango wa ekari milioni moja. Lakini panda kuelekea Konoin na Kericho, utakuta chai ya makampuni ilibaki palepale. Bendera ilibadilishwa usiku wa Desemba 1963, asubuhi mizani ya kupimia majani ikaendelea kupima. Brooke Bond iliingia mikononi mwa Unilever mwaka wa 1984, na kampuni nyingine ya chai, James Finlay, haikuuza mashamba yake kwa Browns ya Sri Lanka hadi 2023, karibu miongo sita baada ya filamu kutangaza kwamba wenyewe wamekwenda zao.

Silaha kubwa ya filamu hiyo ni sauti ya msimulizi. Picha ya umati unaokimbia haisemi umati unakimbia nini. Msimulizi ndiye anayesema. Hili halihitaji kuelezwa sana kwa Wakenya waliokulia katika vibanda vya video, ambako sauti ya msimulizi DJ Afro ilimchukua jambazi wa Hong Kong ikampa jina, tabia na utani wa mtaani. Tanzania walikuwa na Lufufu, Uganda wana VJ Jingo. Tofauti ni kwamba mtazamaji wa kibandani anajua kuwa DJ anaongeza chumvi, na ndicho anacholipia. Jacopetti aliongeza chumvi akaiita habari.

Upinzani haukukawia. Agosti 1966, wanafunzi Waafrika na Wajerumani waliandamana dhidi ya filamu hiyo Berlin Magharibi, katika sinema ya Astor. Mwaka uliofuata Roger Ebert wa Chicago Sun-Times aliishambulia bila kumung'unya maneno, akiihesabu kuwa ya kibaguzi na ya udanganyifu. Nyumbani Italia, Jacopetti alikuwa ameshajibu tuhuma nzito zaidi kabla filamu haijatoka: mwandishi Carlo Gregoretti wa gazeti la L'Espresso alidai kwamba mamluki huko Kongo waliratibu mauaji yao ili kamera ipate nafasi nzuri. Uchunguzi ulifunguliwa, Jacopetti akasafishwa, ingawa shaka haikumwacha hadi kifo chake mwaka wa 2011.

Pigo lililoiharibu filamu yenyewe lilitoka Marekani. Mwaka wa 1970 msambazaji Jerry Gross aliikata ikabaki kama dakika 80, akaipa jina la Africa Blood and Guts na kuiuza kama mkanda wa kutisha. Siasa nyingi ziliondolewa, machinjo yakabaki. Jacopetti aliikana. Nakala za aina hiyo ndizo zilizozoeleka katika enzi ya kaseti, zikidurufiwa mpaka damu ikawa rangi ya kahawia.

Ndipo unapoonekana uzito wa sanduku la 2003. Filamu ilipigwa kwa Techniscope, mbinu ya maabara ya Technicolor ya Roma iliyobana matumizi: kila picha ilichukua matundu mawili ya ukanda badala ya manne, hivyo ukanda ule ule ulitosha kwa muda maradufu. Mpiga picha aliye mbali na duka la filamu alifaidika sana. Gharama ilijitokeza baadaye, kwani picha ndogo ikikuzwa huonyesha punje, na kila nakala ya nakala huzidisha ukungu. Blue Underground iliweka toleo la Kiitaliano na toleo refu la Kiingereza, kila moja kwenye diski yake, pamoja na filamu ya David Gregory, The Godfathers of Mondo, ambamo watengenezaji wenyewe wanahojiwa. Ukiweka matoleo hayo mawili kando kwa kando unaona jinsi maneno yanavyobadilika juu ya picha zilezile.

Usafi wa picha katika diski hizo una maana hasa katika dakika chache za Zanzibar. Siku chache baada ya mapinduzi ya 12 Januari 1964, Waitaliano hao waliruka juu ya kisiwa kwa ndege. Kutoka angani wanaonekana watu katika misururu, makaburi ya pamoja yaliyo wazi, na miili. Hakuna picha nyingine za sinema zinazojulikana za mauaji yaliyofuata mapinduzi hayo. Kwa hiyo ushahidi adimu wa janga la Zanzibar umehifadhiwa ndani ya filamu iliyojaa dharau kwa Waafrika.

Mwanaanthropolojia Marie-Aude Fouéré, aliyechapisha utafiti juu ya jambo hili mwaka wa 2016, alifuatilia jinsi vipande hivyo vinavyotazamwa Zanzibar yenyewe. Wapo wanaoviona kuwa uthibitisho wa yale waliyosimuliwa na wazazi wao kwa sauti ya chini. Wapo pia wanaosema ni maigizo ya wazungu waliotaka kuyachafua mapinduzi, na rekodi ya Jacopetti haiwapi wapinzani wao kazi rahisi. Diski iliyosafishwa haikuumaliza ubishi huo. Imewawezesha wabishanao kusimamisha picha na kuhesabu watu waliomo.