Karanga, Mawese na Mafuta ya Chipsi Katika Injini ya Dizeli

Katika Maonyesho ya Dunia yaliyofanyika Paris mwaka 1900, kampuni ya Otto iliweka injini ndogo ya dizeli, ikaiwasha, ikawa inaunguruma kama injini nyingine zilizoizunguka. Watu waliipita. Wachache sana walijua kwamba injini ile ilikuwa ikichoma mafuta ya karanga. Aliyetuachia habari hii ni Rudolf Diesel mwenyewe, aliyeisimulia mbele ya wahandisi wa London mwaka 1912, na alisema wazi kwamba wazo lilitoka kwa serikali ya Ufaransa. Serikali hiyo ilikuwa ikiziangalia koloni zake za Afrika, ambako karanga zilistawi kwa wingi. Ilitaka kujua kama mitambo ya huko ingeweza kuendeshwa kwa zao la huko huko, bila kungoja makaa ya mawe na mafuta ya kuletwa kwa meli.

Naanzia Paris kwa makusudi. Simulizi nyingi za magari yanayotumia mafuta ya kupikia yaliyokwisha tumika huanza na vijana wa Marekani wa miaka ya 1990, mapipa ya mafuta nyuma ya mikahawa na Mercedes kuukuu zinazonukia chipsi. Kisa hiki kina umri mkubwa zaidi ya huo, na Afrika imo ndani yake tangu siku ya kwanza. Imo kama shamba la mtu mwingine, na hilo ndilo linalonifanya nikiandike.

Diesel alizaliwa Paris mwaka 1858, wazazi wake wakiwa Wajerumani wa Bavaria. Vita vya Ufaransa na Prussia vya 1870 viliifukuza familia hadi London. Baadaye alisoma uhandisi Munich, akafundishwa na Carl von Linde, bingwa wa mitambo ya baridi. Injini za mvuke za siku zile zilimuudhi, kwa kuwa zilikuwa zikipoteza sehemu kubwa mno ya joto la makaa. Alichofikiria ni kuibana hewa ndani ya silinda mpaka ipate moto yenyewe, kama pampu ya baiskeli inavyopata joto mkononi, ila kwa nguvu nyingi zaidi, kisha kunyunyizia mafuta ndani ya hewa hiyo yawake bila cheche yoyote. Alipata hataza mwaka 1893, akahangaika miaka kadhaa katika kiwanda cha Augsburg, na Februari 1897 Profesa Moritz Schröter alipoipima injini yake aliikuta inageuza asilimia 26.2 ya joto la mafuta kuwa kazi. Hakuna injini ya mvuke ya wakati ule iliyokaribia hapo.

Kwa kuwa kinachowasha mafuta ni joto la hewa iliyobanwa, injini ya namna hii haichagui sana inacholishwa. Katika hotuba ya 1912 Diesel alieleza kwamba alirudia mwenyewe majaribio ya mafuta ya karanga yakafaulu, na kwamba huko St. Petersburg walikuwa wamejaribu mafuta ya nyonyo wakafanikiwa pia. Aliamini kwamba siku moja mafuta ya mimea yangekuwa na umuhimu sawa na petroli na makaa ya mawe. Septemba 1913 alipanda meli ya Dresden kutoka Antwerp kwenda Uingereza, akatoweka baharini usiku, na maiti yake ikaonekana siku chache baadaye.

Petroli ilishinda. Ilikuwa rahisi na ilipatikana kwa wingi, na wasafishaji wake walitoa mafuta mepesi yaliyopita vizuri kwenye pampu na nozo. Watengeneza injini nao wakaifinyanga injini iendane na mafuta hayo. Injini iliyozaliwa ikiwa tayari kula chochote ikafundishwa chakula kimoja, na kila aliyejaribu baadaye kuilisha mafuta ya mimea amelazimika kupigana na mafunzo hayo.

Wa kwanza kulitatua tatizo hilo kwa ukamilifu walikuwa Wabelgiji, na walilitatua kwa sababu ya koloni lao la Kongo. Mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji ilitia saini mkataba na William Lever, tajiri wa sabuni wa Uingereza, akapewa haki ya kuvuna michikichi katika maeneo makubwa ya koloni. Kituo chake kikuu kwenye mto Kwilu kiliitwa Leverville, mji ambao leo ni Lusanga. Wanaume walishurutishwa kupanda michikichi na kukata mikungu, kodi ikitumika kama kiboko, na mwaka 1931, bei ya mawese ilipoporomoka, Wapende, watu wa eneo hilo, waliasi. Jeshi la koloni liliwaua kwa mamia. Mawese, mafuta ambayo mpishi wa Kigoma au Bukavu anayajua kwa rangi na harufu, yalikuwa yakivuka bahari kwa mapipa, na bei ilipokuwa chini wenye koloni walitafuta matumizi mapya.

Agosti 31, 1937, Georges Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipewa hataza namba 422,877 ya Ubelgiji. Aliyachanganya mawese na alkoholi pamoja na kichocheo. Kila chembe ya mafuta ya mimea ni asidi tatu za mafuta zilizofungwa kwenye gliserini. Alkoholi huzifungua, gliserini nzito ikajitenga, na kinachobaki ni kimiminika chepesi kinachofanana sana na dizeli. Hiki ndicho tunachokiita leo biodizeli. Mwaka 1938 basi la abiria kati ya Brussels na Louvain liliendeshwa kwa mawese yaliyotayarishwa hivyo. Vita ya Pili ya Dunia ilipokuja, jarida la kilimo la Kongo ya Wabelgiji lilichapisha mwaka 1942 ripoti ndefu kuhusu kazi hiyo. Kisha amani ikarudi, petroli ikawa rahisi tena, na hataza ya Chavanne ikasahauliwa kiasi kwamba watafiti wa miaka ya 1980 walianza upya bila kuifahamu. Kwangu mimi hili ni miongoni mwa mambo makubwa yaliyosahauliwa katika historia ya ufundi.

Hapa Tanganyika, mafuta ya karanga yalikuwa na kisa chake, nacho hakikuhusu injini hata kidogo. Uingereza ya baada ya vita ilipungukiwa mafuta ya kula, na mwaka 1947 serikali yake ikaanzisha mashamba makubwa ya karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta, pamoja na vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta, yalichoma dizeli ya kuagizwa kufyeka pori. Udongo wa Kongwa ukawa mgumu wakati wa kiangazi, karanga zikagoma, na mwaka 1951 mradi ukafutwa baada ya kumeza kiasi cha pauni milioni 36.

Kisha ikaja miaka ya 1973 na 1979, bei za petroli zikapaa, na watu wakakumbuka. Afrika Kusini, iliyokuwa imebanwa na vikwazo, ilijaribu mafuta ya alizeti kwenye matrekta yake mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wahandisi wake waligundua kwamba mafuta ghafi yaliziba nozo, lakini yalipotayarishwa kwa alkoholi trekta lilikwenda vizuri. Austria ikajenga viwanda, na mji wa Graz ukayakusanya mafuta ya mikahawani na kuyatia kwenye mabasi yake katika miaka ya 1990. Ujerumani nako Ludwig Elsbett alishika njia ya pili: badala ya kuyabadilisha mafuta, alibuni injini inayoyapokea yalivyo.

Njia hizo mbili ndizo zilizopo mpaka leo, na inafaa kuzieleza kwa lugha ya gereji. Mafuta ya kupikia yakiwa na joto la nyuzi 40 ni mazito mara kumi hivi kuliko dizeli, na hayashiki moto hadi yapite nyuzi 200, wakati dizeli hushika kwenye 60 hivi. Yakipitishwa kwenye nozo yakiwa baridi hayatawanyiki kuwa ukungu, hutoka kwa matone. Matone hayaungui yote. Hugeuka masizi kwenye ncha ya nozo, hugandisha ringi za pistoni, na yanayopenya chini huchanganyika na oili ya injini na kuifanya rojo. Gari litakwenda wiki kadhaa bila tatizo, na mwenye gari atajisifu, kabla fundi hajafungua silinda. Wengi walioharibu injini waliamini wiki hizo za mwanzo.

Anayetengeneza biodizeli huondoa uzito huo kwenye pipa. Kwa lita 100 za mafuta huhitaji kama lita 20 za methanoli na kostiki kidogo, ile wanayoijua watengeneza sabuni, naye hupata karibu lita 100 za biodizeli pamoja na gliserini chini ya pipa. Methanoli ni sumu na hulipuka upesi, kwa hiyo kazi hii haifai kufanywa jikoni.

Anayebadilisha gari huondoa uzito kwa joto. Gari hufungwa tangi la pili, na maji ya moto ya injini hupitishwa kwenye bomba linalolizunguka tangi hilo, mipira yake na filta, mpaka mafuta yafike nyuzi 70 au 80. Injini huwashwa kwa dizeli ya kawaida. Ikishapata moto dereva hubonyeza swichi na kuingia kwenye mafuta ya kupikia. Na dakika chache kabla ya kuzima hurudi kwenye dizeli ili pampu na nozo zisilale na mafuta mazito ndani. Kabla ya yote hayo mafuta yaliyotumika lazima yatulie, yachujwe na kuondolewa maji, kwa sababu maji huila pampu. Injini za zamani zenye chumba cha kuwashia kando na pampu ya mstari, kama ile ya Mercedes 300D, huvumilia. Injini ya kisasa inayosukuma mafuta kwa shinikizo la zaidi ya baa 1,000 haivumilii, na fundi mwaminifu atamwambia mwenye gari hivyo tangu mwanzo.

Serikali nazo zilikuwa na neno. Mwaka 2002 huko Llanelli, Wales, maofisa waliwasimamisha madereva waliokuwa wakiendesha kwa mafuta ya kupikia yaliyonunuliwa dukani. Kosa lao lilikuwa kutolipa ushuru wa mafuta ya magari. Tangu 2007 Uingereza imemruhusu mtu kutengeneza au kutumia hadi lita 2,500 kwa mwaka bila ushuru huo.

Kwetu Afrika Mashariki mafuta yaliyotumika hayajawahi kuwa taka. Yanayotoka hotelini mara nyingi huuzwa tena, yakakaanga mihogo, chipsi na sambusa mpaka yawe meusi, na anayeumia ni mlaji. Kuyanunua kwa ajili ya injini kungeyaondoa kwenye vikaango bila kuchukua ekari moja ya shamba, na ndiyo tofauti yake kubwa na jaribio letu la mbono. Bei ya petroli ilipopanda miaka ya 2000, kampuni za Ulaya zilikuja Kisarawe na Kilwa kupanda mbono kaburi kwa ajili ya mafuta ya injini. Kisarawe peke yake ardhi ya vijiji iliyotolewa ilikaribia hekta 8,000. Kufikia 2011 miradi yote miwili ilikuwa imekwama, na wanakijiji wakabaki wakiidai ardhi.

Mwaka 2022 kampuni ya Eni ya Italia ilifungua kiwanda cha kukamua mbegu Makueni, Kenya, zikiwamo za nyonyo, na mafuta yakaanza kusafirishwa hadi kiwanda chake cha Gela, Sicily. Mei 2023 ndege ya Kenya Airways ilitoka Nairobi kwenda Amsterdam ikiwa na sehemu ya mafuta ya ndege yaliyotengenezwa na Eni kwa malighafi ya kibiolojia. Ni ufundi wa hali ya juu na wakulima wanalipwa. Lakini Wafaransa wa mwaka 1900, pamoja na ukoloni wao wote, walau waliuliza kama mafuta ya Afrika yanaweza kuendesha mashine zilizoko Afrika, na swali hilo bado halijajibiwa huku kwetu. Vijijini kwetu kuna mashine za kusaga zenye injini za dizeli za aina ya Lister, zinazokwenda polepole na zinazovumilia mafuta mazito kuliko gari lolote la leo. Vyuo vya ufundi stadi vya Tanzania, Kenya na Uganda vianze na hizo: mashine moja, pipa moja la mafuta kutoka kwa wakaanga chipsi wa mji wa karibu, tangi la pili na bomba la maji ya moto, na daftari la kuandika kila saa ya kazi na kila nozo iliyobadilishwa.